Ziwa Hili Hapa, Mbona Mfereji Mkavu?

Wageni wanaohamia mtaa wa Milimani huuliza maswali yaleyale kuhusu maji ya Kisumu. Haya ndiyo majibu yake.

Ziwa linaonekana kutoka barazani. Kwa nini basi maji hukatika?

Kwa sababu ziwa liko bondeni na wateja wako juu. Maji yanayochotwa ziwani huko Dunga lazima yasukumwe kwa pampu, na stima ikipotea, pampu husimama. Kajulu ni tofauti: huko maji ya mto Kibos hukingwa mlimani, yakasafishwa, kisha yakateremka yenyewe hadi mjini. Unafuu huo una gharama yake. Mvua kubwa ikinyesha juu ya mto, maji hufika mekundu kwa tope na kazi ya kuyasafisha huwa ngumu.

Maji ya ziwa husafishwaje?

Hutiwa shabu ili uchafu ugandamane na kutuama, yakachujwa kwenye mchanga, kisha yakatiwa klorini. Kinachosumbua zaidi ni mwani. Ghuba ya Winam imeungana na ziwa kuu kwa mlango mwembamba karibu na Rusinga, hivyo maji yake hubadilika polepole, na mbolea ya mashambani pamoja na maji taka hubaki humo kuulisha mwani na magugu maji. Mwani huziba vichujio. Aina nyingine hutoa sumu ambayo kuchemsha hakuiondoi, kwa hiyo anayechota ufuoni asidhani sufuria itamwokoa.

Nani hasa anasimamia?

Wengi huilaumu KIWASCO kwa kila kitu. Kampuni hiyo ya kaunti husambaza maji na kukusanya bili. Mitambo mikubwa hujengwa na wakala wa serikali kuu, bei huidhinishwa na WASREB, mdhibiti wa huduma za maji, na NEMA, mamlaka ya mazingira, hufuatilia wanaochafua. Ukikuta mtaro wa kiwanda unamwaga uchafu mtoni, ofisi ya bili siyo mlango wa kubisha.

Na Nyalenda, ng'ambo ya Ring Road?

Hapa Kisumu ina la kujivunia. Zamani mtaa huo ulijaa vijibomba vilivyopitishwa kiholela, vingine ndani ya mitaro michafu, na maji mengi yalipotea bila kulipiwa. Mwaka 2004 kampuni ikaanza kuwauzia maji kwa jumla waendeshaji wa mtaani. Mita kubwa hukaa penye laini kuu. Kutoka hapo mwendeshaji huunganisha wateja, husoma mita zao na kuziba mivujo. Maji yakivuja, hasara ni yake, kwa hiyo fundi hachelewi.

Maji taka huishia wapi?

Yaliyo kwenye mabomba ya maji taka huenda kwenye mtambo wa Kisat au kwenye mabwawa ya Nyalenda, ambako jua na vijidudu hufanya kazi bila mashine. Lakini nyumba nyingi hazijaunganishwa. Vyoo vya shimo huvuja polepole hadi visimani, na mvua husomba mengine hadi mito Kisat na Auji, ambayo yote humwaga ziwani.

Je, mtu achimbe kisima chake?

Anaweza, akishapata kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji na kuyapima maji. Kikikaa karibu na shimo la choo, hata la jirani, pesa hizo afadhali anunue tangi.