Kozi wa Lami: Kabla ya Kugusa Injini ya Pikipiki ya Mbio

Mwaka 1999 kampuni ya Suzuki ilitoa pikipiki aina ya GSX1300R na kuipa jina la Hayabusa, ambalo kwa Kijapani ni kozi, yule ndege mwindaji. Jina hilo halikuokotwa njiani. Honda walikuwa na CBR1100XX yao, iliyotoka 1996 ikiitwa Super Blackbird, na blackbird kwa Kiingereza ni ndege mdogo mweusi ambaye kozi humfanya kitoweo. Kozi anapojiangusha kutoka juu kuwahi windo lake hupita km 300 kwa saa, na Hayabusa nayo ikaufikia mwendo huo ikiwa vilevile ilivyotoka kiwandani. Serikali za Ulaya zikaanza kunong'ona kuhusu marufuku. Watengenezaji wakaona heri wajifunge wenyewe: tangu matoleo ya 2001, Hayabusa hukatwa na kompyuta yake ikifika km 299 kwa saa.

Km 299 kwa saa ni mita 83 kwa sekunde moja. Sekunde hiyo moja ikipita, sehemu kubwa ya uwanja wa mpira imekwisha kupita.

Hata hivyo ni vigumu kukuta Hayabusa ya zamani iliyobaki kama ilivyozaliwa. Wenyewe huibadilisha sailensa, huishusha chini, huirefusha nyuma, huifunga turbo, huipaka rangi zinazometameta. Kijitabu hiki hakikusudii kuwazuia. Kubadilisha pikipiki ni ufundi halali na ni furaha ya kweli: rafiki anashika tochi, mwingine anashika spana, chai inapoa mezani hakuna anayeikumbuka. Kinachosisitizwa hapa ni mpangilio wa kazi. Kinachoisimamisha pikipiki na kinachoishika barabarani vitangulie, nguvu ifuate. Wengi huanzia mwisho.

Nguvu iliyopo tayari

Boxer ya cc 150, inayobeba abiria kuanzia Kisumu hadi Mbeya, ina nguvu ya farasi 12 hivi. Hayabusa ya kwanza, yenye cc 1,299, ilikuwa na farasi karibu 175. Mwaka 2008 mwendo wa pistoni uliongezwa milimita mbili, kutoka 63 hadi 65, injini ikawa cc 1,340 na nguvu ikakaribia farasi 200. Hizo ni Boxer kumi na sita zikivuta kamba moja, na zote zinapita kwenye kipande cha tairi kinachogusa lami, kisichozidi sana ukubwa wa kiganja.

Kwa hiyo fundi hodari wa bodaboda, anayefungua injini ya Boxer gizani na kuirudisha bila bolti kubaki, asidharauliwe, lakini naye asiingie kwenye pikipiki hii kwa mazoea. Bolti zake zina kipimo cha kukazwa, na kipimo hicho kiko kwenye kitabu cha mtengenezaji. Nati ya ekseli ya nyuma, kwa mfano, inataka takriban newton-mita (Nm) 100. Mkono uliozoea haupimi Nm. Spana ya kupimia ukazaji ndiyo iwe zana ya kwanza kununuliwa na kikundi chochote cha waendeshaji, hata kwa kuchangishana, kabla ya mtu yeyote kuagiza sailensa.

Breki na matairi

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa kidogo kidogo. Yakishanyonya maji, hupoteza uwezo wa kuhimili joto: mwendeshaji anapobana breki kwa nguvu mara kadhaa mfululizo, maji hayo huchemka na kuwa mvuke, na mvuke hubonyea. Mkono wa breki unaingia hadi kwenye mshikio na pikipiki haisimami. Ndiyo maana mafuta haya hubadilishwa kila baada ya miaka miwili hata kama pikipiki ilikuwa imefunikwa turubai muda wote huo. Pwani, kwenye hewa nzito ya Tanga au Mombasa, hakuna sababu ya kungoja hadi siku ya mwisho. Mipira ya breki iliyozeeka nayo huvimba inapobanwa. Kuweka mipira iliyosukwa kwa nyuzi za chuma ni moja ya mabadiliko machache ambayo karibu hayana hasara, alimradi ifungwe bila kujipinda na bila kusugua gurudumu usukani unapokatwa hadi mwisho.

Tairi la nyuma la Hayabusa ni 190/50 ZR17, na ubavuni mwake huandikwa 73W. Namba 73 ni mzigo: kilo 365. Herufi W ni mwendo: km 270 kwa saa, na ikiwa ndani ya mabano, tairi limepimwa kwa zaidi ya hapo. Kuna alama nyingine ambayo wauzaji wengine hawapendi iulizwe, nayo ni tarakimu nne za tarehe. Tairi lenye 2319 lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Linaweza kuwa na meno yote na rangi nyeusi ya kupendeza, lakini mpira ukiwa umekauka hauishiki lami iliyolowa. Upepo nao upimwe tairi likiwa baridi. Kwa Hayabusa za vizazi viwili vya mwanzo kiwango ni psi 42 mbele na nyuma.

Wapo wanaoweka tairi pana zaidi, 200 au 240, kwa sababu ya sura. Sura inapatikana kweli. Lakini kwenye rimu isiyo ya upana wake tairi hubanwa likabadilika umbo, na pikipiki huwa nzito kulala kwenye kona. Kama safari za mwenyewe ni za barabara ya Arusha kwenda Moshi, si za kuegesha mbele ya mgahawa, upana wa kiwandani unamtosha.

Kushusha na kurefusha

Hapa ndipo mtindo wa Hayabusa ulipojipatia sura yake. Kwenye mashindano ya Marekani ya kukimbia mstari ulionyooka, tatizo kubwa ni tairi la mbele kunyanyuka nguvu inapoachiliwa. Dawa yake ni kurefusha mkono wa nyuma, yaani ile sehemu inayoshika gurudumu, na kuishusha pikipiki karibu na ardhi. Pikipiki ikawa ndefu na bapa. Waendeshaji wa mitaani wakaipenda ile sura, wakaichukua pamoja na dawa ya ugonjwa ambao wao hawakuwa nao.

Mkono ukirefushwa, gurudumu linapata wenzo mrefu zaidi dhidi ya shokapu, na springi iliyokuwa ngumu vya kutosha inageuka laini. Kinachohitajika basi ni springi nyingine. Cheni lazima iongezwe, mpira wa breki ya nyuma lazima uongezwe, na mzunguko wa kugeuza unakuwa mkubwa. Ikishushwa nyuma peke yake, uma wa mbele unalala zaidi na usukani unakuwa mzito kuitikia. Ikishushwa mbele peke yake, usukani unakuwa mwepesi mno na unaweza kuanza kutikisika katika mwendo mkubwa. Hakuna mguso mmoja kwenye pikipiki hii usiogusa pengine.

Halafu kuna matuta. Nafasi kati ya tumbo la Hayabusa na ardhi ni milimita 120 hivi. Ikishushwa milimita 50 zinabaki 70. Tuta la mbele ya shule, lililojengwa kwa haki kabisa kuwalinda watoto, litakutana na makava, kisha na eksozi, na siku mbaya zaidi na sehemu ya chini ya injini iliyobeba oili. Oili ikimwagika mbele ya tairi la nyuma, kinachofuata hakihitaji kuelezwa.

Jambo lenye faida kubwa na gharama ndogo ni kurekebisha shokapu zilizopo. Mwenye pikipiki huketi juu yake akiwa amevaa mavazi yake yote ya safari, rafiki mmoja anaishikilia wima, mwingine anapima imezama kiasi gani kutoka ilipokuwa magurudumu yakining'inia. Kwa barabara za kawaida, milimita 30 hadi 35 ni mahali pazuri pa kuanzia. Kazi hii haiwezi kufanywa na mtu mmoja. Ndiyo sababu inafaa sana asubuhi ya Jumapili, kikundi kikiwa kimekusanyika na kila pikipiki ikipimwa kwa zamu.

Sailensa, hewa na kompyuta

Mlio wa injini ya silinda nne unapopanda kuelekea mizunguko 11,000 una utamu wake, na hakuna haja ya kuukana. Lakini sailensa ya wazi haiongezi sauti tu. Moshi unapotoka kwa urahisi zaidi, na hasa chujio la hewa nalo likibadilishwa, injini huvuta hewa nyingi kuliko kompyuta yake ilivyofundishwa kutarajia. Petroli ikibaki ileile, mchanganyiko unakuwa mkavu, chumba cha mwako kinapata joto la kupita kiasi, na vali za kutolea moshi ndizo zinazolipa. Dalili huwa ni milio ya kupasuka kwenye bomba mwendeshaji anapoachia mafuta. Wengine huishangilia.

Kompyuta ya injini, kwa hiyo, hupangwa upya baada ya mabadiliko hayo, pikipiki ikiwa juu ya mashine ya roli inayopima nguvu huku kipimo cha moshi kikisoma mchanganyiko. Ramani ya mafuta ya rafiki aliyenunua sailensa ya aina moja haitoshi, kwani injini yake, chujio lake na hata mwinuko wa mji wake juu ya bahari si vile vile. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Dar es Salaam iko ufukweni.

Na jirani ana haki ya kulala. Kenya ina kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo ya kupita kiasi tangu 2009.

Sproketi hubadilishwa kirahisi zaidi, na ndiyo maana athari zake husahaulika. Hayabusa ya kwanza ilikuwa na meno 17 mbele na 40 nyuma. Jino moja likipunguzwa mbele, mvuto huongezeka kwa asilimia 6 hivi. Lakini matoleo ya mwanzo husoma mwendo kutoka sproketi ya mbele, si kutoka gurudumu, kwa hiyo kipimo cha dashibodi kinaanza kuonyesha mwendo mkubwa kuliko ulivyo. Mwendeshaji anajisifu km 200 kwa saa wakati amekimbia 188, na hesabu ya kilomita za sevisi nayo inapotoka.

Turbo, na uwanja wa Loring

Injini ya Hayabusa inapendwa na wafunga turbo kwa sababu sehemu zake za chini zina nguvu kuliko nyingi za rika lake. Hata hivyo toleo la 2008 hubana hewa mara 12.5, kiasi ambacho hakiachi nafasi kubwa kwa hewa ya kusukumwa. Mafundi wa kazi hiyo huweka bamba chini ya silinda ili kupunguza mbano, hubadilisha pistoni na fito zake, huongeza pampu ya petroli, huimarisha klachi. Turbo iliyofungwa kwenye injini isiyoguswa popote pengine huenda isimalize msimu.

Mwaka 2011, Mmarekani Bill Warner aliendesha Hayabusa ya turbo katika uwanja wa zamani wa ndege za kijeshi wa Loring, jimbo la Maine, akafika maili 311.945 kwa saa, yaani km 502, ndani ya maili moja na nusu. Rekodi hiyo ilimfanya ajulikane duniani kote. Tarehe 14 Julai 2013 alirudi palepale akitafuta kufika maili 300 kwa saa ndani ya maili moja tu. Akiwa kwenye mwendo wa maili 285 kwa saa hivi, pikipiki ilitoka njiani. Alifariki siku hiyohiyo.

Warner alikuwa na uwanja uliofungwa, watu wa kupima, gari la wagonjwa likingoja, na uzoefu wa miaka. Kisa chake kimewekwa hapa kwa heshima, na kwa ajili ya kijana anayetaka kuijaribu turbo yake usiku kwenye barabara kuu, ambako mwenye kuvuka na toroli ya maji hana taa.

Pikipiki iliyobadilishwa na mwingine

Anayenunua Hayabusa iliyotumika hununua pia maamuzi ya mwenye mali wa kwanza. Matoleo ya 1999 na 2000 yalikuwa na fremu ndogo ya nyuma ya alumini, ile inayobeba kiti cha abiria, na baadhi zilipasuka chini ya mzigo mzito. Suzuki wakaibadilisha kuwa ya chuma. Mnunuzi wa toleo la kale ainue kiti, aangalie viungo vya fremu hiyo kwa tochi, na asitundike masanduku makubwa juu yake. Aangalie kama kuna waya zilizounganishwa kwa utepe wa gundi tu. Aulize iwapo sehemu za asili zimehifadhiwa, maana aliyezitunza kwa kawaida alikuwa mtu mwangalifu. Pikipiki iliyotoka Ulaya bara, wanakoendesha upande wa kulia, inaweza kuwa na taa inayomulika upande usiofaa na kumpofusha anayekuja mbele. Hiyo ibadilishwe kabla ya safari ya kwanza ya usiku.

Bima nayo ielezwe ukweli. Mkataba huo husimama juu ya taarifa alizotoa mwenye chombo, na turbo isiyotajwa inaweza kumnyima fidia siku anapoihitaji.

Helmeti inunuliwe yenye alama ya ECE 22.06, ijae kichwa bila kucheza, na ikiwahi kugonga lami katika ajali ibadilishwe hata kama haina ufa unaoonekana. Katika kikundi, mwenzi anayekuja na helmeti iliyoanguka naye mwezi uliopita aambiwe palepale, mbele ya wote, kabla injini hazijawashwa.