Dondoo muhimu: Ukienda tamasha la Wagogo, ukianzia Buigiri

Tamasha la Muziki wa Cigogo lilianza 2009 na hufanyika Chamwino, jirani kabisa na Buigiri. Kwa kawaida huwa Julai, lakini uliza tarehe ya mwaka huo kabla hujakata tiketi ya basi.

Buigiri iko kando ya barabara kuu ya Dodoma–Morogoro, hivyo basi si shida. Kutoka hapo hadi Chamwino kuna bodaboda. Patana bei kabla hujapanda.

Usikose ngoma ya muheme. Hapa wapiga ngoma ni akina mama: ngoma huibana mapajani, wakaipiga huku wakicheza. Sogea karibu, simu iache mfukoni kwanza. Kisha tega sikio kwa zeze na marimba, vyombo ambavyo mwanamuziki marehemu Hukwe Zawose alivitembeza duniani.

Beba koti. Julai jioni upepo wa Ugogo haucheki na mtu, na mchana vumbi litakufuata hadi kwenye soksi.

Wazee wasalimie “Mbukwenyi”. Ukikaribishwa ugali wa uwele na mlenda, nawa mikono ukae. Kijiko cha nini?

Ukibaki hadi 8 Agosti, maonyesho ya Nanenane yako Nzuguni, Dodoma.