Maumivu ya Taya: Msuli Unapouma na Jino Likalaumiwa

Mgonjwa anapofika kliniki ya meno akiwa ameshika shavu, jambo la kwanza kufikiriwa ni jino lililooza. Mara nyingi fikra hiyo ni sahihi. Hata hivyo, wapo wagonjwa ambao wameng'olewa gego moja, kisha la pili, na maumivu yamebaki palepale. Kwa baadhi yao, chanzo cha maumivu ni misuli ya kutafuna. Makala haya yanaeleza jinsi maumivu hayo yanavyotokea, yanavyotambuliwa na yanavyotibiwa.

Misuli na kiungo cha taya

Taya la chini limeungana na fuvu kwa viungo viwili vilivyo mbele ya masikio. Ndani ya kila kiungo kuna kisahani cha gegedu kinachosogea mdomo unapofunguka. Kazi ya kutafuna hufanywa hasa na jozi nne za misuli: maseta iliyo shavuni, temporali iliyo kwenye panja, na pterigoidi mbili zilizo upande wa ndani wa taya.

Misuli hii, meno na kiungo cha taya hupata hisia kupitia neva moja kubwa, iitwayo trijemino. Kwa sababu hiyo ubongo unaweza kukosea mahali maumivu yalipoanzia. Maseta iliyochoka huweza kuleta maumivu yanayosikika kwenye magego au sikioni. Temporali huweza kuumiza kichwa au meno ya juu.

Meno na msuli: kipi hutangulia?

Mwaka 1934 James Costen, daktari wa masikio, pua na koo wa St. Louis, Marekani, alihusisha maumivu ya sikio na taya na kupotea kwa magego. Tangu hapo madaktari wengi waliamini kuwa mpangilio mbaya wa meno ndio asili ya tatizo. Mwaka 1969 Daniel Laskin wa Chicago alitoa hoja kwamba kwa wagonjwa wengi chanzo ni uchovu wa misuli unaotokana na kukaza na kusaga meno, hasa mtu anapokuwa na msongo wa mawazo.

Hoja hiyo ina maana kubwa katika tiba. Msuli uliokaza unaweza kuvuta taya pembeni kidogo, mgonjwa akahisi kwamba meno yake hayakutani tena vizuri. Kumsaga meno katika hali hiyo ni sawa na fundi cherehani kumpima mteja aliyeinama: atakaposimama wima, nguo haitamkaa.

Uchunguzi

Tabibu huanza kwa kusikiliza historia, kisha hubonyeza misuli kwa vidole. Iwapo kubonyeza maseta kunaamsha maumivu yaleyale anayoyalalamikia mgonjwa, ilhali jino lenyewe halina tundu, haliumi likigongwa na picha ya eksirei ni safi, msuli ndio wa kushukiwa. Kufunguka kwa mdomo hupimwa pia. Kwa mtu mzima kwa kawaida ni milimita 40 au zaidi, takriban upana wa vidole vyake vitatu. Mlio wa kiungo usioambatana na maumivu wala kukwama, kwa kawaida, hauhitaji tiba.

Tiba

Kanuni kuu ni kuanza na tiba inayoweza kusitishwa bila kuacha madhara ya kudumu. Mgonjwa hufundishwa mkao wa mapumziko: midomo imefungwa, meno yameachana, ulimi umetulia kwenye kaakaa. Meno ya juu na ya chini hayapaswi kugusana isipokuwa wakati wa kutafuna na kumeza. Kwa wiki chache aepuke miwa, mahindi ya kuchoma, nyama ngumu, ubani wa kutafuna na mirungi. Kitambaa cha uvuguvugu shavuni kwa dakika 15 hadi 20, kukanda misuli na mazoezi mepesi ya kufungua mdomo husaidia.

Dawa ya maumivu kama ibuprofeni hutumika kwa siku chache kwa ushauri wa daktari, hasa kwa mwenye vidonda vya tumbo, maradhi ya figo au mjamzito. Anayesaga meno usingizini anaweza kutengenezewa kinga ya akriliki inayofunika meno yote ya taya moja. Wagonjwa wengi hupata nafuu kwa hatua hizi.

Zipo pia mbinu za kulegeza misuli kwa mapigo madogo ya umeme, kisha kupanga upya meno kulingana na mkao mpya wa taya. Ushahidi uliopo hautoshi kuhalalisha kusaga meno mazima, kuyavika kofia au kuyafunga nyaya kwa lengo la kuondoa maumivu haya. Jino lililosagwa halioti tena.

Dalili za kuwahi hospitali

Taya linalokaza ghafla, hasa baada ya jeraha, huweza kuwa dalili ya pepopunda. Uvimbe wenye homa au ugumu wa kumeza huashiria usaha. Ganzi usoni, uvimbe unaokua na kupungua uzito huhitaji uchunguzi wa haraka. Kadhalika, maumivu ya taya yanayokuja na kubanwa kifua au jasho jingi huweza kutoka moyoni. Mwenye umri unaozidi miaka 50 akiumwa kipaji na kuona ukungu, asisubiri.

Hitimisho

Kabla ya kukubali kung'olewa jino lisilo na tundu, mgonjwa ana haki ya kuuliza swali moja: je, misuli imechunguzwa?