Majina Yanayofanana ya Mafarao wa Misri

Mtahiniwa akiandika "Ramesses alipigana na Wahiti" bila kusema ni Ramesses yupi, jibu lake halijakamilika. Katika Misri ya kale wafalme 11 waliitwa Ramesses, wanne Thutmose na wengine wanne Amenhotep. Jifunze kuwatofautisha.

Kwa nini majina yalifanana?
(a) Jina la kuzaliwa lilimtukuza mungu. Ramesses maana yake ni "Ra amemzaa". Amenhotep ni "Amun ameridhika".
(b) Mjukuu aliweza kurithi jina la babu. Ramesses I alikuwa babu yake Ramesses II.
(c) Mfalme alitafuta heshima ya aliyemtangulia. Ramesses III hakuwa mwana wa Ramesses II, lakini alipotawazwa alitwaa Usermaatre, sehemu ya jina la utawala la mfalme huyo.

Wamisri waliwatofautishaje?
Hawakutumia namba. Namba tunazosoma leo ziliwekwa na wanahistoria wa baadaye. Kila mfalme alipotawazwa alipewa jina la utawala, nalo liliandikwa ndani ya mzingo wenye umbo la yai. Thutmose III alikuwa Menkheperre; Thutmose IV alikuwa Menkheperure. Tofauti ni ndogo, lakini ilitosha.

Wanaochanganywa mara nyingi
• Ramesses II: alitawala miaka 66 hivi. Alipigana na Wahiti huko Kadesh mnamo 1274 K.K., kisha baadaye akafanya nao mkataba wa amani.
• Ramesses III: aliwazuia wavamizi walioitwa Watu wa Bahari. Hekalu lake liko Medinet Habu.
• Amenhotep IV: alijiita Akhenaten alipoiweka ibada ya Aten juu ya ile ya Amun. Hivyo majina hayo mawili ni ya mtu mmjoa.

Zingatia: Jina linapobadilika, tafuta sababu. Tutankhamun aliitwa kwanza Tutankhaten; badiliko hilo linaonyesha kwamba ibada ya Amun ilirejeshwa.

Dokezo la mtihani: Ukisahau namba, usibahatishe. Taja tukio: "Ramesses aliyepigana Kadesh" ni mmoja tu.

Jipime
1. Taja sababu mbili za mafarao kutumia jina moja.
2. Jina la utawala lilikuwa na kazi gani?
3. Eleza jinsi mabadiliko ya majina ya wafalme yanavyoonyesha mabadiliko ya dini.