Kipimo cha Chakula kwa Mwenye Kisukari



Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo tumezoea kuitumia tunapokagua vitabu vya vyama vyetu, lakini yafaa pia kwa afya. Somo hili laeleza jinsi mtu mwenye ugonjwa wa kisukari awezavyo kuiongoza sukari ya damu yake kwa kupima chakula. Tumelichagua kwa sababu msimu wa ununuzi huwaweka watu kituoni tangu alfajiri hadi jua kutua, na kushinda hivyo bila mpango wa kula kwaweza kumhatarisha mwenye ugonjwa huu.

1. Sukari ya damu

Chakula cha wanga kikisagwa tumboni hugeuka sukari, nayo huingia katika damu ili kuupa mwili nguvu. Kongosho hutoa insulini, ambayo huiwezesha sukari kutoka katika damu na kuingia katika misuli. Katika kisukari cha aina ya kwanza, kongosho halitoi insulini ya kutosha kuishi, hivyo mgonjwa hana budi kudungwa sindano za insulini. Katika aina ya pili, ambayo ndiyo ya watu wengi zaidi, insulini haifanyi kazi ipasavyo au haitoshi. Katika hali zote mbili sukari hulundikana katika damu, mfano wa mazao yaliyopokewa ghalani yakakosa usafiri. Ikikaa hivyo kwa miaka, huharibu macho, figo, moyo na mishipa ya fahamu ya miguu.

2. Vyakula vinavyopandisha sukari

Wengi hudhani kwamba adui ni sukari ya chai peke yake. Sivyo. Ugali, wali, ndizi, mihogo, viazi, chapati na uji vyote vina wanga, na vyote hupandisha sukari ya damu. Dona lina nyuzinyuzi nyingi kuliko sembe, kwa hiyo ni bora; lakini anayekula dona bila kiasi hupandisha sukari vile vile. Asali nayo ni sukari. Tunda zima ni bora kuliko maji yake yaliyokamuliwa. Majani machungu hayafuti utamu uliokwisha kuliwa, wala si badala ya dawa ya hospitali.

Tufanye hesabu. Kijiko cha chai cha sukari, kilichosawazishwa, ni takriban gramu 4. Mtu anywaye vikombe vitatu kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu, hutumia gramu 36. Kwa siku 30 ni gramu 1,080, yaani zaidi ya kilo moja, na hapo soda hatujaihesabu. Soda ya kawaida ya mililita 300 huwa na gramu 30 hivi za sukari. Haba na haba hujaza kibaba.

3. Kugawa sahani

Mwenye kisukari hahitaji kupikiwa chungu chake peke yake. Chakula cha nyumbani chatosha, ila kigawanywe kwa kipimo. Sahani ya kadiri igawanywe hivi:

(a) Nusu yake iwe mboga: mchicha, matembele, kisamvu, kabichi, bamia au biringanya, kwa mafuta kidogo.
(b) Robo iwe maharage, kunde, choroko, dagaa, samaki, mayai au nyama isiyo na mafuta mengi.
(c) Robo iliyobaki iwe wanga, kiasi cha ngumi ya mlaji mwenyewe.

Penye desturi ya kula sinia moja, ni vigumu mtu kujua amekula kiasi gani. Kula pamoja si kosa. Kosa ni kula bila kipimo. Basi amegewe sehemu yake mapema, ale akiwa amekaa na wenzake.

Mwenye mashine ya kupimia apime kabla ya kula na saa mbili baada ya kuanza kula, aandike tarehe, chakula na kipimo. Kwa watu wazima wengi, lengo ni kati ya 4 na 7 kabla ya kula, na chini ya 10 baada ya saa mbili, kwa kipimo cha milimoli kwa lita. Daktari aweza kumwekea mtu lengo jingine. Daftari hilo ndilo litakaloonyesha ni chakula kipi kinachompandishia sukari yeye mwenyewe.

4. Hatari ya kukosa chakula

Kupima chakula si kujinyima. Mtu anayetumia insulini, au vidonge vinavyolihimiza kongosho kama glibenklamidi, akichelewa kula au akibeba magunia tumbo tupu, sukari yaweza kushuka chini ya 4. Pombe huzidisha hatari hiyo. Hutoka jasho, hutetemeka, moyo humwenda mbio, kisha husema maneno yasiyoeleweka. Mara nyingi watu humdhania amelewa. Akifukuzwa kwenye foleni ya mizani badala ya kusaidiwa, aweza kuzimia na hata kufa.

Msaada ni huu. Apewe mara moja vijiko vinne vya chai vya sukari katika maji, au nusu ya soda ya mililita 300. Baada ya dakika 15, kama hajapata nafuu, apewe tena. Akishapata nafuu, ale chakula. Akiwa amezimia, asitiwe kitu chochote kinywani. Alazwe kwa ubavu na apelekwe hospitali upesi.

Mtu asiache wala kubadili dawa kwa shauri lake. Anayekusudia kupunguza chakula au kufunga amwone daktari kwanza, kwani huenda kipimo cha dawa kikahitaji kubadilishwa.

5. Wajibu wa chama

(a) Chai ya mkutano ipikwe bila sukari, na sukari iwekwe kando, kila mtu ajitilie. Pamoja na soda yawepo maji safi.
(b) Kituo cha ununuzi kiwe na saa maalumu ya kula, na mgonjwa anayekwenda kula asipoteze nafasi yake katika foleni.
(c) Karani wa mizani awe na sukari na maji safi karibu, naye afundishwe dalili zilizotajwa hapo juu.
(d) Katibu amwalike mganga wa zahanati kufundisha wanachama. Tarehe 14 Novemba, Siku ya Kisukari Duniani, ni siku ifaayo.
(e) Ugonjwa wa mwanachama usitangazwe mkutanoni bila idhini yake. Hata hivyo, ni vema mwenyewe amjulishe walau mwenzake mmoja, maana mficha maradhi kifo humuumbua.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika kijiji chetu, ni vyakula gani vya wanga tunavyokula bila kipimo?
2. Msimu uliopita, watu kituoni walikula saa ngapi?
3. Mtu akitetemeka na kutokwa jasho mbele ya mizani, nani atamhudumia, na kwa kitu gani?

Majibu yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano, na swali la tatu lipatiwe jina la mhusika kabla mizani haijafunguliwa.