Bima ya Gari la Kazi: Kwa Nini Bei Iko Juu na Unalipia Nini Hasa

Ukiulizia bima ya gari unaloendesha kwenda kazini, utatajiwa bei moja. Sema gari hilo hilo linabeba abiria wa teksi ya mtandaoni, na bei inapanda papo hapo. Wateja wanaolipia bima kwa simu hutuuliza kama huo si wizi. Sio wizi. Kampuni inapiga hesabu ya uwezekano wa ajali, na gari linalozunguka Nairobi kutoka alfajiri hadi usiku liko barabarani saa nyingi kuliko lile linaloshinda limeegeshwa ofisini.

Hapa Kenya kinachokuweka kwenye kundi la hatari kwanza ni kazi ya gari: matatu, teksi, boda boda, tuk-tuk, lori. Baada ya hapo wanaangalia dereva ni nani, umewahi kudai fidia mara ngapi, na gari lina miaka mingapi. Gari kuukuu linaweza kunyimwa kabisa bima kamili. Dereva aliyepata leseni juzi hupewa, lakini mara nyingi kwa eksesi kubwa zaidi, yaani kile kiasi unachobeba mwenyewe kabla kampuni haijatoa chake.

Sheria ya bima ya magari, Sura ya 405, inataka kila gari barabarani liwe angalau na bima ya mtu wa tatu, ile wengi huita thadi pati. Hiyo inalipa uliowaumiza. Gari lako halimo. Na hata kwa hao uliowaumiza kuna kikomo cha shilingi milioni 3 kwa kila mtu; mahakama ikiamua zaidi, kinachobaki kinakuangukia wewe. Watu wa boda, hapa tusikilizeni vizuri: ukiteleza peke yako na kuvunjika mguu, thadi pati haikupi hata ndururu. Matibabu yako yanataka bima ya ajali binafsi, ambayo hununuliwa kando. Mwenye gari la abiria naye aulize cheti kinahesabu viti vingapi.

Kuna ya katikati, inayoongeza moto na wizi. Halafu kuna bima kamili, inayotengeneza hata gari lako. Bei yake hutegemea thamani ya gari. Tuseme gari ni la shilingi 800,000 na umetajiwa asilimia 6: hiyo ni 48,000. Ongeza tozo ya mafunzo ya asilimia 0.2 na ya hazina ya fidia ya wenye bima ya asilimia 0.25, jumla 216, pamoja na ushuru wa stempu wa shilingi 40. Unalipa 48,256. Ukidaiwa zaidi ya hapo, uliza ya nini. Huenda ni nyongeza ya kufuta eksesi, au ya ghasia za kisiasa na ugaidi, ambayo kwa kawaida haimo ndani ya bima kamili usipoilipia. Kama unapaki mjini siku za maandamano, hiyo ya pili tungeichukua.

Sasa, pale watu wanapoumia. Wakala anakuambia, “Wee andika tu matumizi binafsi, itakuwa rahisi.” Unaokoa elfu kadhaa. Mwezi wa tatu unagongana ukitoka uwanja wa ndege na abiria nyuma. Mchunguzi wa kampuni anasoma abstrakti ya polisi, anazungumza na abiria, anaona ulikuwa kazini. Dai la gari lako linakataliwa. Kwa yule uliyemgonga, kampuni inaweza kwenda mahakamani kuomba itangazwe kwamba haifungwi na bima iliyopatikana kwa kuficha ukweli. Ikishinda, aliyeumia anakufuata wewe, na ploti yako, na hilo gari lenyewe kama bado lina thamani. Kwa maoni yetu, thadi pati ya kweli ni bora kuliko bima kamili ya uongo. Kama ulianza teksi katikati ya mwaka, hata kama ni wikendi tu, ijulishe kampuni kwa maandishi na ulipe tofauti.

Pesa ya mwaka mzima kwa mkupuo ni ngumu, tunajua. Magari ya biashara hupata thadi pati ya mwezi mmoja mmoja. Zidisha mara 12 ulinganishe na ya mwaka kabla hujaamua kwamba ni nafuu. Njia nyingine ni mkopo wa bima: mkopeshaji analipa yote, wewe unamrudishia kila mwezi pamoja na riba. Ukiruka awamu, bima inaweza kufutwa. Na sheria hairuhusu kampuni kubeba hatari kabla ya kulipwa, kwa hivyo “nitatuma Ijumaa” maana yake ni kwamba Alhamisi unaendesha bila bima.

Unapolipa, tuma kwa Paybill ya kampuni ya bima yenyewe, sio namba binafsi ya wakala, na kwenye akaunti weka namba ya gari au ile uliyopewa na kampuni. Ujumbe wetu wa SMS unathibitisha kwamba pesa imefika. Hauthibitishi kwamba umewekewa bima. Kinachothibitisha ni cheti cha kidijitali, na unaweza kukikagua kwenye mfumo wa DMVIC wa chama cha makampuni ya bima, AKI. Angalia namba ya gari, tarehe, na aina ya matumizi iliyoandikwa. Kisipokuja, pigia kampuni kabla hujawasha gari. Ukizungushwa, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Kusimamia Bima, IRA, ukiwa na ule ujumbe wa malipo, usiufute.