JE, FIKRA HUTANGULIA KALAMU?

Watu wengi huamini kwamba mwandishi hana budi kungoja fikra zimjie ndipo ashike kalamu. Mwanafunzi aliyepewa insha siku ya Jumatatu huiahirisha hadi Alhamisi usiku, akisema hajapata la kuandika. Akishindwa, hujihukumu kuwa hana kipaji. Lakini imani hiyo, kama imani nyingine yoyote, yafaa ipimwe kwa majaribio.

Mwaka 1983 mwanasaikolojia Robert Boice wa Marekani alichapisha matokeo ya jaribio la namna hiyo. Aliwagawa walimu 27 wa chuo kikuu katika makundi matatu ya watu tisa tisa. Kundi la kwanza liliombwa lisiandike isipokuwa mambo ya dharura. Kundi la pili lilipangiwa vipindi vya kuandika, lakini kila mtu aliandika alipojisikia tu. Kundi la tatu liliandika kwa ratiba, wakitaka wasitake, kwa sharti la adhabu. Wote waliweka kumbukumbu ya fikra mpya walizopata. Matokeo, kwa wastani wa kila mtu, yalikuwa haya:

Kundi la 1: kurasa 0.2 kwa siku. Fikra mpya moja kila siku 5.
Kundi la 2: kurasa 0.9 kwa siku. Fikra mpya moja kila siku 2.
Kundi la 3: kurasa 3.2 kwa siku. Fikra mpya moja kila siku.

Watu 27 ni wachache, na hesabu hizi hazipimi ubora wa maandishi. Hata hivyo zaonyesha kwamba waliongoja fikra ndio waliozipata kwa uhaba. Wahenga walisema, mgaagaa na upwa hali wali mkavu.

Sababu zake si za ajabu. Akili ya binadamu huweza kushika mambo machache tu kwa wakati mmoja. Wazo likishaandikwa, karatasi hulihifadhi, na akili hupata nafasi ya kulichunguza na kuliunganisha na jingine. Aidha, saa na mahali pasipobadilika hugeuka kuwa ishara ya kuanza kazi, hivyo mtu hapotezi nguvu kwa kujiuliza aanze lini.

Mwandishi Anthony Trollope wa Uingereza (1815–1882) alikuwa mtumishi wa Posta kwa miaka mingi. Kila siku alikaa mezani saa 11.30 alfajiri, saa yake ikiwa mbele yake, akijitaka maneno 250 kwa kila dakika 15. Kwa mwendo huo aliandika riwaya 47.

ZOEZI

Darasa ligawanywe kwa kura katika makundi mawili. Kwa wiki mbili, kundi A liandike dakika 20 kila siku, saa ile ile na mahali pale pale. Kundi B liandike litakapojisikia. Kila mwanafunzi aandike katika daftari tarehe, idadi ya maneno, na kila fikra mpya iliyomjia. Kisha makundi yabadilishane zamu kwa wiki mbili nyingine.

MASWALI

1. Kwa nini makundi yagawanywe kwa kura, wala si kwa hiari?
2. Kubadilishana zamu kunasaidia nini?
3. Ni nani ataamua kuwa fikra fulani ni mpya? Jadilini kabla ya kuanza.